Sheria ya dola 35 ipo, mbona mwanangu analipa 280?

Swali: Habari za kazi, daktari. Naandika kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Mwanangu Baraka ana miaka 27 na ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa darasa la sita. Alipofika 26 alitoka kwenye bima yangu, sasa yuko kwenye bima ya kazini kwake, kampuni kubwa ya maghala yenye matawi nchi nzima. Wiki jana famasi wamemdai dola 280 za kalamu zake za insulini za mwezi mmoja, zile za aina mbili. Kanisani wananiambia Minnesota ina sheria ya dola 35, wengine wanasema ni 25. Binamu yangu aliyeko Colorado anasema kwao mwisho ni 100. Mama yangu, ambaye yuko kwenye Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, halipi zaidi ya 35. Mfamasia aliangalia kompyuta akasema sheria hiyo haimhusu Baraka. Je, alitudanganya? Hizi sheria za majimbo zina nguvu kweli au ni za kuombea kura? Dada yangu wa Nairobi yuko tayari kunitumia insulini kwa posta. Nimwambie atume? (Mama Baraka)

Jibu: Mama Baraka, nianze na la haraka, maneno marefu yafuate. Kama Baraka amebakiwa na insulini isiyotosha siku saba, leo hii arudi famasi aombe fomu ya dharura ya insulini ya Minnesota. Fomu hiyo iko pia kwenye tovuti ya MNinsulin.org. Aende na cheti cha dawa ambacho hakijaisha muda, na kitu cha kuthibitisha kwamba ni mkazi wa Minnesota: leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Asiye na hivyo anaweza kutumia namba ya mlipakodi ya ITIN, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu wengi wetu hawalijui. Famasi itampa insulini ya siku 30 na haitamdai zaidi ya dola 35. Mlango huo unafunguka mara moja kila miezi 12. Masharti ni kwamba asiwe kwenye Medical Assistance wala MinnesotaCare, yaani bima za jimbo za wenye kipato kidogo, na bima yake iwe inamwachia alipe zaidi ya dola 75 za insulini kwa mwezi. Analipa 280, kwa hiyo sharti hilo amelivuka mbali.

Mfamasia hakuwadanganya. Alijibu alichoulizwa. Mtu akifika dirishani akataja "sheria ya insulini", yeye hupitisha cheti kwenye kompyuta, kompyuta inaiuliza bima, na bima inarudisha jibu: mgonjwa alipe 280. Mpango wa dharura haumo ndani ya mazungumzo hayo. Hauanzi na bima, unaanza na karatasi ambayo mgonjwa mwenyewe anaiomba. Asipoiomba kwa jina lake, anaweza kuondoka mikono mitupu huku sheria ikiwa upande wake.

Minnesota ina sheria mbili za insulini, na hapo kanisani wamezichanganya. Moja ilipitishwa 2020 na inamshika mtengenezaji wa dawa. Nyingine ilipitishwa 2023, ikaanza kazi Januari 2025, na inaishika kampuni ya bima. Hiyo ya pili ndiyo ya dola 25. Inasema kwamba dawa yoyote ya kisukari, ya pumu, au kalamu ya epinefrini kwa wenye mzio mkali isimgharimu mwenye bima zaidi ya dola 25 kwa mwezi, na vifaa vinavyoendana nayo, kama sindano na vijiti vya kupimia sukari, jumla visizidi 50. Ni sheria nzuri sana kwa anayefikiwa nayo. Baraka, kwa jinsi unavyonieleza, hafikiwi.

Sababu yake ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA. Mwajiri anaweza kuwapatia wafanyakazi bima kwa njia mbili. Anaweza kununua bima kutoka kwa kampuni ya bima, ambayo ndiyo inayobeba hasara watu wakiugua sana. Au anaweza kubeba hasara hiyo yeye mwenyewe: matibabu yanalipwa kutoka kwenye fedha za kampuni, na kampuni ya bima inaajiriwa kushughulikia makaratasi tu. Kwa macho ya mfanyakazi njia hizi mbili hazitofautiani. Kadi ni ileile, nembo ya bima ni ileile. Kwa macho ya sheria ni mbingu na ardhi, kwa sababu bima iliyonunuliwa iko chini ya jimbo, na mpango ambao mwajiri anaubeba mwenyewe uko chini ya Washington. Bunge la jimbo huko St. Paul likipiga kura usiku na mchana, mpango wa pili halitaugusa. Kampuni kubwa zenye matawi nchi nzima karibu zote hutumia njia hii ya pili, na zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaopata bima kazini wako humo. Wengi hawajui mpaka siku wanapodai haki kama hii ya dola 25.

Kwa hiyo Baraka aende ofisi ya rasilimali watu kazini kwake aulize jambo moja: mpango wetu wa bima unabebwa na mwajiri au umenunuliwa? Jibu alipate kwa maandishi. Ikitokea kwamba umenunuliwa hapa Minnesota, nilichosema kinageuka, na dola 25 ni haki yake tangu mwezi huu.

Sheria ya kwanza, ya 2020, ni tofauti, na ndiyo ninayotaka muishike. Inaitwa kwa jina la Alec Smith, kijana wa Minnesota aliyekuwa meneja wa mgahawa na mwenye kisukari kama cha mwanao. Mei 2017 alitimiza miaka 26. Mwanzoni mwa Juni bima ya mama yake ikamwachia. Famasi ilimwambia kwamba insulini na vifaa vya mwezi mmoja vingemgharimu dola 1,300 hivi. Akaanza kupunguza dozi, akisubiri mshahara. Kabla ya Juni kwisha alikutwa amekufa nyumbani kwake. Mama yake, Nicole Smith-Holt, alikwenda bungeni mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2019 muswada ulikwama kwa ubishi wa nani alipe, na Aprili 2020 Gavana Tim Walz akautia sahihi.

Ubishi huo wa nani alipe ndio uliozaa jambo ambalo leo linamsaidia Baraka. Kwa kuwa mzigo uliwekwa kwa watengenezaji wa insulini wenyewe, haijalishi bima ya mgonjwa iko chini ya nani. ERISA inalinda mipango ya waajiri. Haimlindi mtengenezaji. Ndiyo maana mtu ambaye sheria ya dola 25 imempita anaweza kabisa kuingia kwenye hii ya dola 35.

Tena ile ya dharura ni nusu tu ya sheria. Nusu ya pili ni mpango wa kudumu. Baraka anamwomba mtengenezaji wa insulini yake, kwa fomu iliyowekwa na sheria, apewe insulini kwa mwaka mzima. Mtengenezaji ana siku 10 za kazi kumjibu. Akikubaliwa, dawa inapelekwa famasi aliyoichagua kwa mafungu ya siku 90, na kila fungu analipia si zaidi ya dola 50. Kipato cha kaya kisizidi mara nne ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, na mfanyakazi wa kawaida wa ghala asiye na familia kwa kawaida yuko chini ya hapo. Mwenye bima ya kazini naye anaruhusiwa, mradi anachoachiwa kulipa kinazidi dola 75 kwa mwezi. Mara nyingine mtengenezaji humjibu mwenye bima kwa kumpa kadi ya punguzo badala ya dawa yenyewe. Sawa tu, mradi anacholipa dirishani kishuke. Akikataliwa, asinyamaze: apeleke malalamiko kwenye Bodi ya Famasia ya Minnesota, nayo ina mamlaka ya kuipitia upya kesi yake.

Sheria hii ina meno. Mtengenezaji asiyetii anatozwa dola 200,000 kwa mwezi. Akiendelea miezi sita inakuwa 400,000 kwa mwezi, na akipita mwaka inakuwa 600,000. Chama cha watengenezaji kilikwenda mahakamani tarehe 30 Juni 2020, siku moja kabla sheria haijaanza, kikisema jimbo linawapora mali yao bila fidia. Kesi ilitupwa 2021, kisha mahakama ya rufaa ikaifufua 2023. Mambo yaliyo mahakamani hubadilika, kwa hiyo pigeni simu MNsure, soko la bima la jimbo, kuhakikisha masharti ya sasa kabla ya kupoteza siku ya kazi kwenda famasi.

Binamu yako na mama yako wanasema kweli, kila mmoja kwa upande wake. Colorado ndiyo iliyotangulia, mwaka 2019, kuweka ukomo wa dola 100 kwa mwezi kwenye insulini, lakini nako ukomo huo unashika bima zilizo chini ya jimbo tu. Akihamia kazi yenye mpango kama wa Baraka, wimbo wake utabadilika. Mama yako analindwa na sheria ya shirikisho ya 2022, iliyoanza kwa insulini ya Medicare Januari 2023. Ilikaribia kuwafikia na wenye bima za binafsi: Seneti ilipiga kura kuhusu kipengele hicho Agosti 2022, kura 57 zikakubali na 43 zikakataa. Zilihitajika 60. Baraka analipa 280 leo kwa sababu ya kura tatu.

Sasa swali lako la kura na nguvu. Nitalijibu kwa urefu, kwa sababu kila mwaka wa uchaguzi watu wetu wanaahidiwa "dawa za bei nafuu" bila kuambiwa ni bei gani hasa itakayoshuka, na mfukoni mwa nani.

Hizi sheria za ukomo wa malipo, kama ile ya Colorado na hii ya dola 25, hazishushi bei ya dawa hata kwa senti moja. Mtengenezaji anauza bei yake ileile. Kilichobadilika ni kwamba sehemu uliyokuwa ukiilipa dirishani sasa inalipwa na bima, na bima itaitafuta kwenye makato ya kila mwezi ya wanachama wote. Zaidi ya majimbo 20 yana sheria za namna hii, na naziunga mkono: mwenye kisukari hakujichagulia ugonjwa, ni haki wengine wamsaidie kuubeba. Lakini mwanasiasa akisimama jukwaani akasema ameshusha bei ya insulini kwa sheria kama hiyo, anacheza na maneno. Zinapitishwa kwa wepesi kwa sababu mtengenezaji hana cha kupoteza, na nashangaa kidogo wapiga kura hawajaliona hilo.

Kuigusa bei yenyewe ni vita. Maryland ilijaribu 2017 kwa sheria iliyompa mwanasheria mkuu wa jimbo uwezo wa kumshtaki mtengenezaji anayepandisha bei ya dawa za zamani, zisizo na hataza, kupita kiasi cha dhamiri. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya shirikisho iliifuta. Hoja yake ilikuwa hii: mtengenezaji yuko jimbo jingine, mnunuzi wa jumla aliyemuuzia yuko jimbo jingine, na biashara iliyofanyika nje ya Maryland haiwezi kutawaliwa na Maryland. Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza. Minnesota nayo ikajaribu sheria ya jinsi hiyo 2023, na Disemba ya mwaka huohuo jaji wa shirikisho akaizuia kwa hoja za aina ileile.

Majimbo yakajifunza kupita mlango mwingine. Badala ya kumwambia muuzaji aliye mbali auze kiasi gani, jimbo linamwambia mnunuzi aliye ndani asilipe zaidi ya kiasi fulani. Ndiyo kazi ya bodi za unafuu wa dawa. Maryland ilianzisha ya kwanza nchini 2019, na Minnesota ina ya kwake tangu 2023. Iliyofika mbali zaidi ni ya Colorado, iliyoundwa kwa sheria ya 2021. Mwanzoni mwa 2024 ilitamka kwamba Enbrel, dawa ya ugonjwa wa baridi yabisi, haimudiki. Amgen, watengenezaji wake, wakaenda mahakamani. Oktoba 2025 bodi ikaweka kikomo cha dola 600 kwa kipimo kimoja, kianze Januari 2027. Hesabu mwenyewe: kutoka sheria mpaka siku ambayo mgonjwa ataona tofauti ni karibu miaka sita, na ni dawa moja tu. Sisemi ni kazi bure. Nasema anayeahidi kwamba bodi itashusha bei ya dawa za mama yako mwaka huu hajawahi kukaa kwenye vikao vyake.

Halafu kuna madalali. Kati ya mtengenezaji na famasi wanasimama wasimamizi wa malipo ya dawa, na watatu wao, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, wanapitisha takriban asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa Marekani. Hawa ndio wanaoamua dawa ipi iwe kwenye orodha ya bima yako. Mtengenezaji anayetaka dawa yake iingie humo anawarudishia sehemu ya bei baada ya mauzo. Kadiri bei ya kwenye orodha ilivyo kubwa, ndivyo marejesho yanavyonona. Humalog, insulini ya kampuni ya Eli Lilly, ilipoingia sokoni 1996 kichupa kimoja kilikuwa dola 21. Zilipotimia miaka 20 na kidogo kilikuwa karibu 275, na dawa ni ileile. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilirudi kwa madalali na kwa bima. Anayeilipa bei kamili ni asiye na bima, au mtu ambaye, pengine kama Baraka, lazima kwanza ajilipie maelfu ya dola ndipo bima yake ianze kuchangia. Naomba uliangalie hili vizuri: mgonjwa analipa bei ambayo bima yake mwenyewe hailipi.

Hapa majimbo yameshinda kidogo. Arkansas ilitunga sheria 2015 kuwalazimisha madalali kuzilipa famasi si chini ya gharama ambayo famasi zilinunulia dawa. Madalali wakadai ERISA inawakinga. Disemba 2020 Mahakama Kuu ilisema, majaji wote wanane waliosikiliza, kwamba haiwakingi. Ushindi huo umezisaidia famasi ndogo kubaki wazi kuliko ulivyopunguza bei kwa mgonjwa, na mahakama nyingine baadaye zimeubana. Lakini ulionyesha kwamba ukuta wa ERISA una nyufa.

California imefanya kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2020 ilitunga sheria ya kuliruhusu jimbo liingie lenyewe kwenye biashara ya dawa, kwa jina la CalRx. Mwaka 2023 ikaingia mkataba wa dola milioni 50 na Civica, shirika lisilotafuta faida, ili litengeneze insulini. Ilichelewa kuliko walivyoahidi, na magazeti yaliwacheka. Hata hivyo tangu Januari 2026 kuna insulini ya glargini, ile ya kudumu mwilini siku nzima, kwa dola 55 kwa kalamu tano. Hakuna marejesho ya siri wala kadi ya punguzo. Bei ni moja kwa mwenye bima na asiye na bima. Mwulize mfamasia wenu kama anaweza kuiagiza, maana Civica haiuzii California peke yake.

Jambo moja linanitia shaka kwenye hizo dola 280. Machi 2023 Eli Lilly walitangaza kupunguza bei ya Humalog kutoka dola 274.70 kwa kichupa hadi 66.40, na Novo Nordisk na Sanofi wakafuata kwa baadhi ya insulini zao kuanzia Januari 2024. Wengi walisifu huruma yao. Mimi naangalia tarehe. Januari 2024 ndipo mabadiliko ya sheria ya shirikisho ya 2021 yalipoanza: kampuni iliyopandisha bei kupita mfumuko wa bei kwa miaka mingi ingeweza kuilipa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, marejesho makubwa kuliko bei ya dawa yenyewe. Ingekuwa inatoa dawa na kuongezea hela juu. Walipunguza kwa sababu hesabu iliwalazimu, na hesabu hiyo ilitoka Washington, ingawa kelele za akina mama kama Nicole Smith-Holt ziliandaa uwanja. Kwa hiyo kama Baraka bado anadaiwa 280, huenda angalau moja ya kalamu zake ni ya aina ambayo haikupunguzwa. Amwulize daktari wake wa kisukari kama kuna insulini ya kundi lilelile ambayo bei yake ilishuka. Lilly wana insulini ya lispro isiyo na jina la kibiashara kwa dola 25 kwa kichupa, na watengenezaji wote watatu wana kadi zinazoshusha malipo hadi dola 35 kwa mwezi, kila moja na masharti yake. Kadi hizo mzitumie, lakini mjue ni hisani ya kampuni. Siku ikiamua kuifuta haimwombi mtu ruhusa.

Msije mkamhamisha wenyewe kwenye insulini ya zamani inayouzwa Walmart kwa dola 25 bila cheti cha daktari. Inafanya kazi, na imewaokoa wengi waliokwama. Lakini inaanza na kuisha mwilini kwa saa tofauti na ile aliyoizoea, na dozi hazilingani. Huko Virginia kijana wa miaka 27 alifariki 2019 baada ya kuhamia kwenye hiyo kwa sababu ya bei. Mabadiliko ya namna hii yafanywe na daktari, na mgonjwa apime sukari mara nyingi zaidi katika siku za mwanzo.

Dada yako wa Nairobi mshukuru, asitume. Sheria ya shirikisho hairuhusu mtu kuletewa kwa posta dawa ambayo haijapitishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kwa soko la hapa, na forodha wanaweza kuizuia. Hata ikipita, insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kifurushi kinaweza kukaa siku kadhaa kwenye ghala la uwanja wa ndege bila mtu kujua kilipata joto kiasi gani. Insulini iliyoharibika kwa joto mara nyingi inaonekana safi kabisa. Utaijua kwa sukari kupanda. Majimbo yenyewe yamehangaika na njia hii. Vermont ilitunga sheria ya jimbo kuagiza dawa kwa jumla kutoka Canada 2018. Florida ilipata kibali cha FDA Januari 2024 baada ya kusubiri miaka, na Canada ikasema wazi kwamba haitaruhusu dawa zitoke kama watu wake watapungukiwa. Kama jimbo lenye wanasheria wake wote linakwama hapo, dada yako na bahasha yake atafika wapi.

Kwa wiki hii, basi. Fomu ya dharura kwanza, ikiwa dawa zimebaki chache. Bado zipo za kutosha? Aanze moja kwa moja na maombi ya mpango wa kudumu kwa watengenezaji wa kalamu zote mbili, maana kila mtengenezaji anashughulika na dawa yake tu na fomu moja haitoshi. Aambatanishe hati za malipo za kazini na risiti ya zile 280, ambayo inathibitisha kwamba amevuka dola 75. MNsure wana wasaidizi waliofunzwa kwa ajili ya mpango huu na hawalipwi na mgonjwa. Akipiga simu aseme anataka msaada wa mpango wa insulini, asije akapelekwa kwenye dawati la kuuza bima. Mkalimani wa Kiswahili aombwe mwanzoni mwa simu, naye ni bure. Na simu apige Baraka mwenyewe au uwe naye pembeni. Ana miaka 27, na bila ruhusa yake hawataongea nawe habari za dawa zake hata ukiwaambia wewe ndiye uliyemzaa.